Mwenye Vyombo na Mwenye Vidole

Lipo gitaa moja Ngamiani, hapa Tanga, kwenye kibanda cha fundi redio. Linaning'inia msumarini kati ya feni iliyong'olewa mapanga na redio kaseti isiyo na mfuniko. Bodi yake ilikuwa nyekundu. Sasa imefifia ikawa rangi ya matofali, na pale mkono wa mpigaji ulipokuwa ukiegemea rangi imelika mpaka mbao inaonekana. Lina pikapu mbili, vile vinasa mlio vya sumaku vinavyokaa chini ya nyuzi; moja imekufa. Uzi wa sita, ule mnene, ni waya wa breki ya baiskeli. Kichwani, panapokaa jina la kampuni, yamebaki matundu mawili ya skrubu na alama ya kibati kilichokwishang'oka.

Fundi alinieleza kwamba wiki moja kabla yangu alifika kijana kutoka Dar es Salaam anayenunua vyombo vya zamani. Akalishusha, akaligeuza, akakitazama kichwa. "Si Fender," akasema, akiitaja kampuni maarufu ya magitaa ya Marekani, akalirudisha msumarini akaenda zake. Hakuuliza lilipigwa na nani, wala lilitoka bendi gani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyatafakari maneno yake mawili, kwa sababu naona ndani yake limejificha kosa ambalo sisi watu wa Tanga tumelifanya kwa miaka mingi kuliko yeye.

Kijana simlaumu. Anajua soko. Magitaa ya umeme yaliyotengenezwa Marekani katika miaka ya 1950 na 1960 yamekuwa mali kama viwanja vya Masaki, na jina lililo kichwani ndilo hati. Lakini ukifuatilia jinsi bei hizo zilivyozaliwa, utakuta jina lilikuja nyuma ya kitu kingine.

Kati ya mwaka 1958 na 1960 kampuni ya Gibson, huko Kalamazoo katika jimbo la Michigan, ilitoa magitaa ya Les Paul yenye rangi ya machweo: manjano katikati, wekundu pembeni. Hayakuuzika. Hayakufika hata elfu mbili, na mwaka 1961 kampuni ikaliacha umbo lile ikaja na jingine jembamba lenye pembe mbili. Miaka michache baadaye vijana wa Uingereza, Eric Clapton akiwa mmoja wao, wakayaokota yakiwa mitumba, wakayachomeka kwenye amplifaya za Marshall zilizofunguliwa sauti hadi mwisho. Santuri zikatoka, na watu wakasikia mlio wa gitaa ambao hawakuwahi kuusikia. Leo gitaa moja la kundi lile linauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Mbao ni ileile iliyokosa mnunuzi mwaka 1960. Kilichoongezeka ni santuri.

Mfano wa pili unaniridhisha zaidi. Juni 2019 gitaa jeusi la David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd, aina ya Stratocaster ya Fender, liliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 3.975. Wakusanyaji wana sheria yao: gitaa likibadilishwa kitu, bei inashuka. Sasa gitaa hilo la Gilmour lilikuwa kiraka juu ya kiraka. Tangu alinunue mwaka 1970 limebadilishwa shingo zaidi ya mara moja, pikapu zimebadilishwa, swichi zimeongezwa, na rangi nyeusi yenyewe ilipigwa juu ya rangi nyingine. Kwa sheria ya soko lilipaswa kuwa gitaa la bei ya chini. Wakati huo lilipita yote kwa sababu kila kiraka chake kina tarehe, kina picha, na kina wimbo unaoweza kuusikiliza jioni hii. Watu walinunua ushahidi.

Nalitumia neno ushahidi kwa makusudi, maana mara nyingi tunaambiwa kwamba siri ya chombo cha zamani iko kwenye mbao iliyokauka kwa miaka mingi. Sikatai kwamba mbao ina mchango, hasa kwenye gitaa kavu, lile lisilotumia umeme. Lakini mwaka 2010, mjini Indianapolis, watafiti wakiongozwa na Claudia Fritz na Joseph Curtin waliwavisha miwani ya giza wapiga fidla mahiri 21, wakawapa fidla mpya tatu na za kale tatu, zikiwemo mbili za Stradivari, fundi maarufu wa fidla wa Italia. Walipoulizwa ni ipi wangependa kwenda nayo nyumbani, wengi walichagua mpya. Hawa ni watu walioishi na fidla mikononi tangu utotoni.

Kwenye gitaa la umeme mbao ina usemi mdogo zaidi. Chini ya nyuzi kuna sumaku, na sumaku imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya, kwa kanuni ileile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Umeme huo unakwenda kwenye amplifaya, unakuzwa, unatoka kwenye spika. Basi. Kilichosababisha jambo hili libuniwe ni kelele: katika bendi za dansi za Marekani tarumbeta na saksafoni zilikuwa zinalimeza gitaa, mpigaji anatoka jasho hakuna anayemsikia. George Beauchamp, aliyekuwa mpigaji wa gitaa la mtindo wa Hawaii, akishirikiana na Adolph Rickenbacker, alitoa la kwanza lililoingia sokoni mwaka 1932. Lilikuwa la alumini, la duara lenye mkono mrefu, watu wakalipa jina la utani "kikaango". Hataza yake ilitoka mwaka 1937, wakati wenzake walikwisha kumpita.

Halafu akaja Leo Fender wa Fullerton, California, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Fender hakuwa mwanamuziki. Alikuwa fundi redio, mwenye duka la kutengeneza redio, na hadi anafariki mwaka 1991 hakujua kupiga gitaa. Ndiyo maana gitaa lake lina akili ya fundi. Shingo haikugundishwa kwa gundi, imefungwa kwa skrubu nne. Ikipinda unaifungua unaweka nyingine. Waya zote ziko nyuma ya kibamba kimoja. La kwanza alilitoa mwaka 1950, mwaka uliofuata akalipa jina la Telecaster, na mwaka huohuo 1951 akatoa gitaa la besi lililompumzisha mpigaji kubeba lile zeze kubwa la kusimama linalojaza nusu ya gari. Stratocaster ilifuata mwaka 1954. Kila ninaposoma habari zake ninawaona mafundi wetu wa Barabara ya Tisa na ya Kumi na Mbili. Kichwa chake kilikuwa kama vyao.

Katika kiwanda chake alikuwemo mfanyakazi aliyeitwa Tadeo Gomez, aliyekuwa akichonga shingo. Alipomaliza shingo aliandika kwa penseli, mahali panapofichwa na bodi, herufi TG na tarehe. Mwaka 1956 akaajiriwa mwanamke aitwaye Abigail Ybarra, kazi yake kuzungusha waya wa pikapu, na leo pikapu zilizopita mikononi mwake zinatafutwa kwa jina lake. Hata zile tofauti ndogo za mlio zinazowapa watu wazimu zilitoka kwa mikono ya namna hiyo. Pikapu za koili mbili alizobuni Seth Lover wa Gibson mwaka 1955 ili kuua mvumo hazikulingana, kwa kuwa mizunguko ya waya haikuhesabiwa sawasawa; moja ilipata mingi, nyingine michache. Kwa hiyo mtu akikuambia gitaa lake la 1959 halina pacha duniani, anasema kweli, na sababu ni siku moja kiwandani ambapo mtu fulani alisimamisha mashine mapema au alichelewa. Mimi mvuto wa vyombo vya zamani nauona hapo. Chombo kimebeba uamuzi wa mtu, na uamuzi huo bado unasikika.

Turudi pwani. Lugha yetu yenyewe imehifadhi gitaa moja la zamani bila wengi kujua. Wazee wa muziki wa dansi gitaa kavu huliita galatoni. Neno hilo ni jina la biashara: Gallotone, magitaa ya bei nafuu yaliyotoka Afrika Kusini kwa kampuni ya Gallo na kusambaa Afrika nzima ya kusini na mashariki. Ndani yake yalibandikwa karatasi ya kuhakikisha kwamba hayatapasuka. Mwaka 1957 gitaa la aina hiyohiyo, la Gallotone Champion, liliagizwa kwa posta Uingereza kwa ajili ya kijana wa Liverpool aitwaye John Lennon. Alikuwa nalo tarehe 6 Julai mwaka huo kwenye sherehe ya kanisa la Woolton, siku aliyokutana na Paul McCartney, mwenzake wa baadaye katika Beatles. Mwaka 1999 likauzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni laki moja.

Hebu fikiri. Chombo kile kile, cha bei rahisi kile kile. Pande zetu galatoni ngapi zilifundishia watoto koda za kwanza, zikaishia uani zikiwa kitako cha kuku anayelalia?

Nasi tulikuwa na cha kushuhudia. Mji huu ulikuwa mji wa mkonge. Mmea wenyewe uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yalipopanuka yalivuta vibarua kutoka bara, Wanyamwezi wengi miongoni mwao. Hao ndio walioanzisha bendi iliyoitwa Young Nyamwezi, ambayo baadaye ikawa Jamhuri Jazz. Upande wa pili palikuwa na Atomic Jazz, na upinzani wao uliugawa mji kama Simba na Yanga. Umeme nao ulikuwepo: Mto Pangani ulikuwa umeshaanza kuzalisha kabla ya uhuru, na mwaka 1964 kikaongezwa kituo cha Hale chenye megawati 21. Mshahara wa mkonge ulikata tiketi mlangoni, maji ya Pangani yakawasha amplifaya. Sijui mji mwingine nchini ambako gitaa la umeme lilikutana na mazingira mazuri kiasi hicho.

Na hawakulitumia kama Wamarekani. Huko gitaa la umeme lilikuwa la shujaa mmoja anayesimama mbele. Kwenye dansi la Tanga magitaa yalikuwa matatu, wakati mwingine manne: solo, solo ya pili, rithimu, besi. Uzuri ulikuwa kwenye kuachiana nafasi. Rithimu inazungusha duara lake bila kuchoka, besi inasema neno na kunyamaza, solo ya pili inajibu, solo inapita juu kama ndege wa baharini. Ukimtoa mmoja, wale wengine wanaonekana watupu. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walijifunza kazi hiyo hapa, ndani ya Jamhuri Jazz, kabla ya kuhamia Arusha na kisha Kenya mwaka 1971 walikounda Simba Wanyika. Kutoka humo mwaka 1978 ikachipuka Les Wanyika, na rithimu ya Omar Shabani, yule waliyemwita Profesa Omari, hadi leo inawainua watu vitini kuanzia Mombasa hadi Kampala kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Watu wanaosema Tanga waja leo waondoka leo wangeongeza kwamba wengine waliondoka na mlio wa mji mfukoni.

Taarabu nayo isisahaulike. Unguja walikuwa na udi, kanuni, fidla na nai. Black Star Musical Club ya Tanga, katika miaka ya 1960, ikaweka magitaa ya umeme na besi, kundi likawa dogo, mapigo yakawa ya kuchezeka. Lucky Star ikafuata njia hiyohiyo, na sauti ya Shakila Saidi ikapata gitaa la kuongea nalo. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mapinduzi makubwa kabisa ambayo gitaa la umeme limeyafanya katika muziki wa Waswahili, makubwa kuliko ya dansi, kwa kuwa dansi lilizaliwa likilisubiri gitaa, ilhali taarabu ilibidi imsogeze udi apishe.

Sasa, magitaa hayo yako wapi? Hapa ndipo kosa letu lilipo, na lina mizizi kwenye namna tulivyopanga kazi. Kwenye muziki wa dansi wa Tanzania mpigaji mara chache sana alimiliki chombo. Vyombo vilikuwa vya mwenye vyombo: klabu, tajiri, chama, jeshi, shirika la umma. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wa chama cha wafanyakazi, na magitaa yalikuwa mali ya mwajiri kama meza na taipureta. Mpigaji akihamia bendi nyingine aliondoka na vidole vyake tu. Gitaa lilibaki, likapigwa na mwingine, na mwingine. Mpango huo uliwapa vijana maskini chombo ambacho kamwe wasingeweza kukinunua, na bila huo nusu ya santuri tunazozipenda zisingekuwepo. Lakini ulikata uzi kati ya chombo na mtu. Gilmour aliweza kukaa na gitaa moja miaka hamsini kasoro na kulijua kila kovu. Hapa kovu ni la mmoja, santuri ni ya mwingine, risiti ni ya wa tatu.

Ikaja hali ngumu ya mwishoni mwa miaka ya 1970, vita vya Kagera, fedha za kigeni hakuna. Magitaa hayakuagizwa, kwa hiyo yaliyokuwepo yakatumikishwa hadi mwisho. Nyuzi zikachemshwa zirudishe mlio. Waya wa breki ukaingia kazini. Pikapu ya hili ikahamishiwa lile. Na hewa ya chumvi ya Tanga haina huruma na chuma: skrubu zinaoza, freti zinaota ukungu wa kijani, swichi zinakohoa. Wakusanyaji wa nje wakiona gitaa la hivyo wanaona takataka. Mimi ninaona daftari lililojaa maandishi, na wanaoyajua kuyasoma wanazikwa kila mwaka.

Kwa hiyo kwa fundi yule niliomba mambo machache, nayaomba pia kwa yeyote mwenye gitaa kuukuu darini, iwe Chumbageni, Makorora au Pangani. Usilipige rangi upya. Rangi iliyolika inaonyesha mkono ulikaa wapi, na hilo ni taarifa. Sehemu mbovu ukiibadilisha, ile ya zamani itie kwenye mfuko uifunge nalo. Legeza nyuzi kama halipigwi. Fungua mfuniko utazame vile vidhibiti vya sauti vinavyozungushwa, maana vya Marekani vina namba zilizogongwa: ukikuta 1376423, kwa mfano, 137 ni kiwanda cha CTS, 64 ni mwaka, 23 ni wiki. Ukipata namba, hata kama jina limeng'oka kichwani, umri umeshaukaribia, ikiwa kidhibiti hicho hakikubadilishwa. Kisha lipige picha, mbele na nyuma, uipeleke picha hiyo kwa wazee waliobaki, ukiwa na picha za bendi za zamani kama zipo. Swichi iliyopinda au kovu la bodi huonekana hata kwenye picha ya rangi mbili. Utakachoambiwa kiandike kwa penseli ndani, penye maungio ya shingo, kama alivyofanya Tadeo Gomez. Na Boma la zamani pale mjini, ambalo tayari ni makumbusho ya Urithi, lina ukuta wa kutosha kwa magitaa machache na spika ya kuyasikiliza. Mikanda ya RTD, ile Radio Tanzania Dar es Salaam, ina sauti. Boma lingeweka mbao iliyotoa sauti hiyo, ikiwa na nyuzi, na siku ya Ijumaa ikateremshwa ikapigwa.

Bei sitaki kuizungumzia. Likipanda bei vizuri, likikosa bei pia vizuri.

Wiki iliyopita fundi alinipigia simu niende. Alikuwa ameita mzee mmoja wa mtaa wa pili aliyewahi kupiga katika bendi ya hapa mjini, kabla bendi haijavunjika na vyombo kuuzwa kimojakimoja. Nilimkuta ameshakaa kwenye kigoda, kanzu ameipandisha magotini, gitaa liko pajani, limechomekwa kwenye spika ya redio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hili nalijua." Akaweka kidole gumba kwenye kovu la bodi, likamkaa sawasawa. "Lilidondoka jukwaani Korogwe. Sikulidondosha mimi."

Akaanza kupiga. Koda tatu, duara moja, mkono wa kulia ukitembea mwepesi kama wa mtu anayepepeta mchele. Waya wa breki ulikuwa unavuma chini, pikapu moja nzima inafanya kazi ya mbili. Akazungusha, akazungusha. Nikasubiri aingie kwenye solo, hakuingia.

"Mzee, solo vipi?"

"Solo si yangu. Ya marehemu hiyo." Hakuacha kupiga. Kila duara lilipofika mahali ambapo solo ingeingia alipunguza mkono, akainamisha kichwa upande wa kushoto, akaacha nafasi yake yote, kisha akaendelea. Fundi aliweka chini chuma cha kulehemu.